Waya Mmoja wa Mizunguko: Kompyuta ya Gesi Iisikilize Injini Kutoka Wapi?

Seti ya kubadili gari litumie gesi huja na fungu la nyaya, na nyingi kati ya hizo hazina ubishi. Mwekundu wenye fyuzi unakwenda betri, mweusi unakwenda ethi, nyingine zinaingia kwenye nyaya za nozeli, moja kwa kila silinda. Mwishoni hubaki waya mmoja mwembamba ambao katika seti nyingi za Ulaya ni wa kahawia. Kijitabu cha maelekezo kinauita waya wa ishara ya mizunguko. Kazi yake ni kuieleza kompyuta ya gesi mambo mawili: kama injini inazunguka, na kama inazunguka, kwa kasi gani.

Hapo ndipo mafundi hugawanyika. Mmoja ataufunga kwenye koili, mwingine kwenye sensa ya krankshafti, wa tatu ataukunja na kuufunga tepu akisema kompyuta za siku hizi hazina haja nao. Wote watatu wanaweza kukabidhi gari linalotembea vizuri siku hiyo, na ndiyo maana ubishi hauishi. Ubora wa waya huu hauonekani gari likitembea. Huonekana siku injini inapozimika ghafla huku funguo ikiwa bado imewashwa.

Kwa fundi wa Namakwekwe, mtaa wa jiji la Mbale mashariki mwa Uganda, swali lina ugumu wa ziada. Vijitabu vya seti huandikwa Italia, Poland au Uturuki, na mifano yake ni Fiat, Opel na Renault. Magari yanayoletwa kwake ni Toyota zilizotumika, zilizoundwa kwa soko la ndani la Japani, na maandishi ya chini ya boneti ni ya Kijapani. Maelekezo yanasema waya ufungwe kwenye hasi ya koili. Fundi anafungua boneti na kukuta koili nne zenye nyaya nne kila moja, na hakuna hata mmoja ulioandikwa hasi.

Gesi ipi, na kwa nini sasa

Mfano ulio karibu zaidi uko Dar es Salaam. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na ikaanza kutumika jijini mwaka 2004. Bomba la Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Kutokana na gesi hiyo, teksi, bajaji na magari ya watu binafsi yamekuwa yakibadilishwa yatumie CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa hadi takriban bar 200, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni kati ya vituo vinavyofanya kazi hiyo. Foleni katika vituo vya kujazia zinaeleza zenyewe kwa nini madereva wanaitaka: kwa mwendo uleule, gesi ni nafuu kuliko petroli.

Uganda haina bomba la gesi asilia. Inachopata ni LPG, ile ya jikoni, mchanganyiko wa propani na butani unaokaa kimiminika chini ya shinikizo dogo, na huingia nchini kwa malori. Miradi ya mafuta ya Ziwa Albert, Tilenga na Kingfisher, iliyofikia uamuzi wa mwisho wa uwekezaji Februari 2022, ina mipango ya kutenganisha LPG, kwa hiyo gesi hiyo inaweza siku moja kutoka ndani ya nchi. Na kiu ya nishati mbadala ipo. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia katika mgogoro wa vipimo vya UVIKO-19, petroli ilifika shilingi 10,000 kwa lita katika baadhi ya miji ya Uganda, karibu mara mbili ya bei ya siku chache kabla. Mbale iko njiani kutoka mipaka hiyo, na bado iliumia.

Neno moja la tahadhari kabla ya kwenda mbele. Mtungi wa jikoni haufai kwenye gari. Tangi la LPG la gari lina kizuizi kinachokatiza ujazaji likifika asilimia 80, vali ya kutoa shinikizo, na vali ya umeme inayofunga yenyewe. Mtungi wa jikoni hauna vali hiyo ya umeme, na bila vali ya kuamrishwa, waya wa mizunguko hauna wa kumwamrisha. Yote yanayofuata yanahusu seti kamili.

Kazi nne za waya mmoja

Kazi ya kwanza, inayopita zote, ni usalama. Kanuni Namba 67 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika kwa vifaa vya LPG vya magari katika nchi nyingi, inataka vali za gesi zifunge zenyewe injini isipozunguka, bila kujali funguo iko wapi. Sababu yake iko wazi. Gari likigonga mti, injini huzimika lakini swichi hubaki imewashwa. Kama vali zinafuata swichi peke yake, gesi itaendelea kutoka kwenye bomba lililokatika. Watengenezaji wa magari ya petroli walilijua hili zamani: katika Toyota za nozeli, kompyuta hukata umeme wa pampu ya petroli mara inapokosa ishara ya krankshafti. Mfumo wa gesi unadaiwa tabia hiyohiyo.

Kazi ya pili ni kuchagua wakati wa kuhama. Gari huwaka kwa petroli, kisha hubadili likiwa na joto. Kompyuta ya gesi hungoja redyusa ipate joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 30 na 40, na pia hungoja mizunguko ivuke kiwango kilichowekwa na fundi. Redyusa ya LPG hugeuza kimiminika kuwa mvuke na hupoa sana ikifanya hivyo. Kuhama mapema kunaweza kuigandisha.

Tatu ni kupima. Programu ya gesi hupanga marekebisho yake kwenye jedwali ambalo upande mmoja ni muda wa nozeli kubaki wazi na upande wa pili ni mizunguko. Nne ni mipaka ya juu na ya chini: kurudi petroli injini ikizunguka kasi mno, au kutambua kuwa dereva ameachia mafuta kwenye mteremko.

Katika hizi nne, ya tatu husamehe makosa zaidi kuliko tunavyofikiri. Kwa mifumo mingi marekebisho makubwa hutegemea muda wa nozeli, na mizunguko huongeza kidogo tu. Kwa hiyo gari linaweza kusoma mizunguko isiyo sahihi kabisa na bado likaguruma sawasawa pale gereji. Kosa limefichwa katika kazi ya kwanza, ile ambayo hakuna mteja anayeijaribu.

Koili: njia iliyozoeleka

Kwa magari yenye distribyuta, mathalani Toyota Corona na Carina za injini 4A-FE au 5A-FE, jibu la kijitabu ni sahihi. Koili ni moja, inahudumia silinda nne, na kila mzunguko wa krankshafti hutoa mapigo mawili. Ishara ina nguvu, haipotei kwenye mteremko, na ipo kila plagi inapochoma. Injini ikizimika, nayo inakufa papo hapo. Kwa usalama hiyo ndiyo sifa inayotakiwa.

Udhaifu wake ni nguvu hiyohiyo. Kila koili inapokatwa, upande wa hasi hupiga mruko wa volti 300 hadi 400. Kompyuta za gesi za watengenezaji wanaojulikana zimeundwa kustahimili mruko huo kwenye pini hii. Vifaa vya bei ya chini si vyote. Waya ukipitishwa sambamba na nyaya za sensa nyingine kwa urefu mkubwa, mruko huo unaambukiza.

Toyota za miaka ya 2000 ndizo zinazochanganya. Injini ya 1NZ-FE, inayopatikana ndani ya Vitz, IST, Probox, Fielder na Premio ya sentimita za ujazo 1500, ina koili moja juu ya kila plagi, na kikatizio cha umeme kimefichwa ndani ya koili yenyewe. 1ZZ-FE ya Wish na Premio ya 1800 imepangwa vivyo hivyo. Nyaya nne zinazotoka ni umeme wa volti 12, ethi, na mbili za mazungumzo: IGT, ambayo kompyuta hutumia kuiamuru koili ichome, na IGF, ambayo koili hutumia kujibu kuwa imechoma. Hasi ya zamani ipo, lakini imefungiwa ndani ya plastiki isikofikika.

Anayefunga waya kwenye volti 12 hapati mapigo yoyote ya maana. Anayefunga kwenye IGT hupata mapigo safi ya takriban volti 5, mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti, na lazima ashushe kiwango cha usikivu katika programu, maana kompyuta ya gesi iliyotegeshwa kwa volti 12 haitayasikia. Anayefunga kwenye IGF anacheza karibu na moto. IGF ni waya wa kuthibitisha. Ukilemewa na mzigo wa nje, kompyuta ya Toyota huamini plagi haijachoma, huwasha taa ya injini (msimbo P1300 katika za mwanzo, P0351 na jamaa zake katika za baadaye) na inaweza kukata petroli ya silinda husika ili kulinda katalisti. Mteja atarudi akilalamikia gesi, na gesi haina kosa.

Hoja ya wanaopenda IGT ni nzuri: ni amri inayotoka kwenye kompyuta, si hisi inayoingia, kwa hiyo kuisikiliza hakuipotoshi kompyuta. Kinachotakiwa ni kuutambua waya kwa kipimo, kwa sababu rangi hubadilika toleo hadi toleo. Multimita ya kawaida haitoshi. Mapigo mafupi kiasi hicho yataonekana kama sehemu ndogo tu ya volti. Osiloskopu, hata ile ndogo ya mkononi, humaliza ubishi kwa dakika moja.

Waya wa saa ya dashibodi

Gari lenye saa ya mizunguko kwenye dashibodi tayari lina ishara iliyosafishwa: mapigo ya mraba ya takriban volti 12, yaliyotengenezwa na kompyuta kwa ajili ya kusomwa na kifaa kingine. Kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti la Toyota za miaka ya 1990 kina tundu lililoandikwa IG- lenye ishara hiyo, na baadhi ya Toyota za baadaye huitoa kwenye tundu namba 9 la soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Fundi anayeikuta hapo, akaithibitisha kwa kipimo, amepata chanzo bora kuliko vyote: imara, haidhuru lolote, na haihitaji kuchuna waya wa koili.

Tatizo ni kwamba haipatikani kila mahali. Probox nyingi hazina hata saa ya mizunguko. Na kadiri magari yanavyokuwa mapya, taarifa hiyo husafiri kama ujumbe kwenye mtandao wa CAN, nyaya mbili zinazobeba mazungumzo ya kompyuta zote za gari, na waya wa kahawia hauwezi kuusoma. Sheria ya Uganda ya 2018 inayozuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi inawasukuma waagizaji kuleta magari mapya zaidi, kwa hiyo njia hii, nzuri kama ilivyo, inazidi kuwa finyu.

Krankshafti: ukweli wote, na hatari yake

Wapo wanaosema: kwa nini kuhangaika na wapambe wakati mfalme yupo? Sensa ya krankshafti ndiyo asili ya habari yote. Katika 1NZ-FE, gurudumu lake lina nafasi za meno 36 ambamo mawili yameachwa, hivyo mapigo 34 kwa mzunguko. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hayo ni mapigo 1,700 kwa sekunde. Hakuna chanzo kinachokaribia usahihi huo.

Lakini kwa kazi nne tulizotaja, usahihi huo hauhitajiki. Na bei yake ni kubwa. Sensa hii ni koili ndogo na sumaku. Inazalisha umeme wake yenyewe, kidogo sana wakati stata inapozungusha injini, na mwingi zaidi kasi ikipanda. Umeme huo mdogo wa mwanzo ndio unaowasha gari. Kifaa kingine kikiunywa, au muunganisho ukiingiza unyevu, kompyuta hukosa ishara, na ikikosa ishara hiyo hakuna cheche, hakuna nozeli, hakuna pampu. Gari halizimi gesi peke yake. Linazima kila kitu. Nyaya zake hufunikwa na kinga dhidi ya mwingiliano wa umeme, na kuichuna kinga hiyo ili kufika ndani ni kuharibu kile kilichoilinda ishara tangu kiwandani.

Kuna mahali ambapo sensa hii ni ya lazima. Methani huungua polepole kuliko petroli, kwa hiyo magari ya CNG kama ya Dar es Salaam hunufaika na kifaa cha kuwahisha cheche, na kifaa hicho kinahitaji kujua krankshafti iko pembe gani, si kasi yake tu. Hapo nyaya za krankshafti hukatwa na kupitishwa ndani yake. Ni kazi halali ikiwa kifaa kimetengenezwa kwa injini husika. Kwa LPG faida ya kuwahisha cheche ni ndogo, maana kasi yake ya kuungua iko karibu na ya petroli. Fundi wa Mbale anayegusa krankshafti kwa sababu aliona video ya CNG anabeba hatari ya Dar es Salaam bila kupata faida yake.

Nozeli: kuhesabu bila waya

Mfumo wa kisasa wa gesi huingia katikati ya nyaya za nozeli, kwa hiyo tayari unasikia kila mara petroli inapoamriwa kuingia. Injini ya mipigo minne hufungua kila nozeli mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,000, hiyo ni mara moja kila milisekunde 40. Hesabu ni rahisi, na programu nyingi za sasa zinaruhusu kuchagua chanzo hiki. Wanaoufunga waya wa kahawia tepu wanategemea hoja hii, na si hoja ya uvivu. Muunganisho mmoja pungufu ni hitilafu moja pungufu, na wala hakuna swali la koili ya aina gani.

Mtihani wake uko barabara ya Kapchorwa. Sipi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Mbale takriban 1,150. Dereva anaposhuka akiwa ameachia mafuta na gia imeingia, magurudumu yanaizungusha injini na kompyuta hukata nozeli kabisa ili kuokoa petroli. Mizunguko ni 2,500. Nozeli ziko kimya. Kompyuta ya gesi inayohesabu kwa nozeli peke yake inaona sifuri. Haiwezi kutofautisha gari linaloshuka mlima na gari lililozimika, kwa sababu katika hali zote mbili kimya ni kilekile.

Watengenezaji hutibu hili kwa kuweka muda wa kungoja kabla ya kufunga vali. Muda ukiwa mfupi, vali zinafunga na kufunguka mara kwa mara kwenye mteremko, na dereva anahisi gari likisita kila anapokanyaga tena. Muda ukiwa mrefu, gari linashuka laini, lakini baada ya ajali vali zinabaki wazi kwa sekunde hizohizo. Hakuna namba inayotosheleza pande zote. Barabara ya tambarare ya Tirinyi kati ya Iganga na Mbale haionyeshi tatizo hili. Dereva wa Jinja anaweza kutumia mfumo huo miaka bila kulalamika. Dereva wa Kapchorwa atalalamika wiki ya kwanza.

Kuna pia magari ambayo kompyuta yake huongeza sindano ya ziada ya petroli mguu ukikanyagwa kwa nguvu. Hesabu hupanda ghafla kwa kitu ambacho si mzunguko. Programu nzuri huchuja. Za bei ya chini huruka.

Soketi ya OBD

Baadhi ya kompyuta za gesi zinaweza kuuliza gari mizunguko kupitia soketi ya uchunguzi. Ni ishara ya kweli, tayari ikiwa namba, bila kuchuna chochote. Lakini inakuja kwa kuuliza na kujibiwa, na kwenye mifumo ya zamani majibu ni machache kwa sekunde. Fundi mwingine akichomeka skana yake, mazungumzo yanaweza kugongana. Na Toyota nyingi za soko la ndani la Japani za mwanzo wa miaka ya 2000 hazijibu maswali ya kawaida ya OBD kama ndugu zao waliouzwa Ulaya au Marekani. Thamani yake kubwa ni kuwa shahidi: namba ya skana ilinganishwe na namba inayosomwa na programu ya gesi.

Hesabu inapokosewa

Kuchagua chanzo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiambia programu koili moja inahudumia silinda ngapi: nne kwa distribyuta, mbili kwa koili pacha, moja kwa koili iliyo juu ya plagi. Kosa hapa huzaa dalili ambazo kwazo wenye magari huilaumu gesi.

Chukua Premio ya 1NZ-FE iliyofungwa kwenye IGT, lakini programu imeachwa kwenye distribyuta. Programu inatarajia mapigo mawili kwa mzunguko na inapata nusu pigo. Itasoma robo ya ukweli. Ikiwa injini iko tulivu kwa mizunguko 700, programu inaona 175, chini hata ya kasi ya stata, na inaamua injini imezimika. Dereva anasimulia kwamba gari linarudi petroli lenyewe kila linaposimama kwenye foleni. Na kiwango cha kuhamia gesi kikiwa 1,600, dereva atalazimika kufika 6,400.

Geuza kosa. Waya uko kwenye laini ya IGF iliyounganisha koili zote nne, inayotoa mapigo mawili kwa mzunguko, na programu imewekwa koili ya silinda moja. Sasa inasoma mara nne. Mizunguko 700 inakuwa 2,800, na ukifika 2,000 barabarani programu inaona 8,000, inavuka mpaka wa juu na kurudisha petroli. Malalamiko haya ni tofauti: gesi inafanya kazi mjini na kukataa barabara kuu. Mafundi wengi hubadilisha redyusa kwa dalili hii. Redyusa haina tatizo.

Kosa la tatu ni baya kuliko yote kwa sababu halina dalili. Kiwango cha usikivu kikishushwa mno, au ethi ya kompyuta ya gesi ikifungwa kwenye bati lenye rangi na kutu badala ya hasi ya betri, waya huanza kusikia kelele za altaneta, feni na nyaya za jirani. Mizunguko ya uongo. Injini imezimika, na kompyuta inaendelea kuamini inazunguka.

Mizani kwa magari ya Mbale

Swali la kupimia njia hizi si ipi inayosoma kwa usahihi zaidi. Ni ipi inayonyamaza injini inaponyamaza, na isiyonyamaza injini inapozunguka. Kwa kipimo hicho nozeli peke yake inashindwa sehemu ya pili, waya wa kelele unashindwa ya kwanza, krankshafti inafaulu zote mbili lakini inaiweka rehani injini nzima, na OBD inachelewa.

Kwa hiyo kwa Corona au Carina ya distribyuta, hasi ya koili inatosha. Kwa gari lenye ishara ya saa iliyothibitishwa, hiyo ndiyo ya kwanza. Kwa kundi kubwa la Toyota za 1NZ na 1ZZ, IGT ya koili moja ndiyo chaguo la busara, kiwango cha usikivu kikiwekwa cha volti 5 na programu ikiwekwa silinda moja kwa koili. Hesabu ya nozeli ibaki kwa magari ambayo kila kitu kingine kiko kwenye CAN, na mwenye gari aelezwe kuhusu kusita kwenye miteremko kabla hajalipa. Kwa gari la kabureta lisilo na nozeli, swichi rahisi ya gesi nayo husoma koili, na isiachwe bila waya huo kwa kisingizio kwamba mfumo ni wa kizamani.

Kuhusu muunganisho wenyewe maoni hayatofautiani sana. Klipu za kubana waya ni za haraka, lakini hukata nyuzi na kuruhusu maji, na chini ya Mlima Elgon mvua si za msimu mmoja. Kulehemu kwa risasi na kufunika kwa mrija unaosinyaa kwa joto huchukua dakika kumi zaidi. Waya upitishwe mbali na nyaya za plagi na altaneta, ufungwe mahali usipotikisika.

Kisha majaribio, na haya yafanyike mwenye gari akiwepo. Funguo iwashwe bila kuwasha injini: programu isome sifuri, na ibaki sifuri feni na taa zikiwashwa. Injini iwashwe na namba ilinganishwe na skana ikiwa tulivu, kisha kwa 2,000, kisha kwa 3,000. Gari lipelekwe kwenye mteremko, mguu uachiwe, na mtu aangalie kama mizunguko inaanguka hadi sifuri. Mwisho, gari likiwa linatumia gesi, fundi aizimishe injini bila kugusa funguo. Kwa gari la gia za mkono, kwa kuachia klachi breki ikiwa imekanyagwa. Mtu asimame nyuma, sikio karibu na tangi. Ndani ya sekunde chache asikie vali ikijifunga, huku taa za dashibodi zikiwa bado zinawaka. Asipoisikia, gari halijaisha, na fundi arudi kwenye ule waya wa kahawia.